Kidole Kilichonasa kwenye Ua la Hariri

Sisi watu wa Unguja kitu kizuri hatukisifu kwa macho tu. Lazima mkono upite. Juzi desturi hiyo ilituponza kwenye kliniki moja huku ughaibuni, mtaa wa Khuwair ya Kusini.

Binti mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa anatarizi ua kwenye fremu ndogo, tarizi ya Kijapani anayojifunza mtandaoni kwa kujifurahisha. Hariri yake haisokotwi. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele. Bibi aliyekaa ubavuni mwake akasema, "Mashaallah," akaligusa.

Kidole kikanasa. Kilikuwa na sugu, na hariri ikaing'ang'ania.

"Usivute, bibi! Ua hili lina miezi miwili!"

Papo hapo muuguzi akachungulia mlangoni. "Sabini na mbili!"

Sabini na mbili alikuwa bibi, na alikuwa anasubiri tangu asubuhi. Hakunyanyuka.

"Hayupo? Nnaita mwengine."

"Mwache aite," bibi akanong'ona. "Nasua taratibu, mwanangu."

Binti akatumia ncha ya sindano, uzi mmoja mmoja. Sabini na tatu akaingia kwa daktari. Mwishowe kidole kikatoka, na ua likabaki zima.

Bibi akakitazama. "Mkono huu umelea watoto saba," alisema. "Leo hauna ruhusa ya kushika ua."

Nami nikaitazama mikono yangu, iliyozoea kalamu na kikombe cha kahawa. Laini ajabu! Ningelipapasa lile ua siku nzima bila kunasa hata uzi mmoja.

Nikaificha mfukoni mwa kanzu.