Omong'ina Aliyebeba Amplifaya Yangu

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimekunywa kitu, nikujibu mapema: mimi ni Msabato, hata hiyo chai inayochumwa huku kwetu siinywi. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimeamkia uji na ndizi, na ilikuwa saa nne asubuhi. Najua visa vya namna hii huwa vya usiku. Changu kilitokea mchana, na walioniona wapo hadi leo. Sikiliza, halafu uamue mwenyewe.

Mimi hupiga gitaa. Siku za wiki nafundisha watoto mjini Ogembo, na Jumapili napiga kwenye harusi na sherehe za nyumbani. Watu wakitazama wanaona vidole vinavyocheza juu ya nyuzi, wanadhani kazi ni hiyo. Hebu nikueleze. Gitaa la umeme peke yake hunong'ona tu. Ili lisikike uwanjani linahitaji amplifaya, yaani sanduku la spika lenye mashine ndani yake. Yangu ni ya zamani, ya mbao na chuma, na uzito wake ni kama wa mbuzi aliyeshiba. Ongeza gitaa lenyewe mgongoni na mfuko wa nyaya shingoni. Barabara ikiisha, na huku kwetu huisha mapema, hayo yote unapanda nayo mlima kwa miguu.

Kuna jambo lingine unalopaswa kulijua, la sivyo hutanielewa. Kwetu mwanamume hajitwiki mzigo kichwani. Atabeba begani, mgongoni, kwa toroli, kwa baiskeli. Kichwani ni kwa wanawake. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali popote, lakini mwanamume akijitwika hata ndoo ya maji, kicheko kitafika nyumbani kabla yake. Kwa hiyo kwa miaka kumi na minne nilibeba amplifaya begani, bega la kushoto. Na mkono wa kushoto, kama hujui, ndio unaobana nyuzi na kuchagua sauti. Wa kulia huchapa tu.

Basi vidole vya mkono huo vikaanza kufa ganzi. Kwanza kile cha mwisho, halafu cha pete. Nikawa nabana uzi bila kujua kama nimeubana mpaka nisikie sauti yake. Daktari mmoja mjini Kisii alinibonyeza shingo na bega, akaniambia mshipa wa fahamu umebanwa, na nikiendelea kubeba vile mkono utalala moja kwa moja. Nilimshukuru vizuri sana. Jumapili iliyofuata nikabeba vilevile. Sikumwambia mke wangu, wala wenzangu wa bendi. Ningewaambia nini? Kwamba mpiga gitaa wao hazihisi nyuzi?

Siku yenyewe tulialikwa Nyacheki, kwenye ukumbusho wa mama mmoja aliyezikwa mwaka uliotangulia. Sikuwahi kumwona. Aliyenipigia simu ni bintiye, Moraa. Wenzangu wawili, mwimbaji na mpiga ngoma, walikuwa wamekwenda tangu jana yake jioni. Usiku huo mvua ilinyesha bila kupumzika. Asubuhi kijana wa bodaboda alinifikisha kwenye kituo cha kununulia majani chai, chini ya mlima, akazima pikipiki.

"Mwalimu, mwisho ni hapa. Huko juu ni sabuni."

"Sasa hii nitaipandishaje peke yangu?"

"Wewe si mwanaume? Mimi nikianguka na hilo kabati lako, bibi yangu atabaki na picha ukutani."

Akacheka, akageuza, akaenda zake.

Nikapanda. Ukungu ulikuwa umelalia mashamba; unaona mistari mitano ya michai, kisha weupe mtupu. Baada ya hatua kama mia mbili mkono wa kushoto ulikufa wote, kutoka begani hadi kwenye kucha. Nikaitua amplifaya juu ya jiwe, nikajifinya kidole kimoja kimoja. Hakuna kitu. Nikakiuma cha pete kwa meno. Hakuna kitu. Niamini, nililia. Mtu mzima mwenye watoto watatu, nimechutama kwenye chai ya wenyewe, nalia kwa sauti.

"Bwakire buya, tata."

Ndivyo tunavyoamkiana asubuhi kwa Ekegusii. Na tata ni baba, neno ambalo mama humwitia mwanawe akitaka kumbembeleza. Nikainua macho. Omong'ina, mama mzee, alikuwa amesimama njiani, amevaa sweta ya kijani na leso kiunoni, miguu haina viatu. Nikajifuta uso haraka.

"Bwakire, mama."

"Hivyo vidole viwili vya mwisho, vimelala tangu lini?"

Alijuaje? Wewe unauliza hivyo. Mimi wakati ule sikuuliza. Alisema kwa upole, kama mtu anayeulizia ng'ombe mgonjwa, na jibu likanitoka.

"Inakaribia mwaka, mama."

"Na umenyamaza."

"Nimenyamaza."

Akatikisa kichwa. "Wanaume wa huku! Mungu amewapa kichwa, kazi yake ni kuvaa kofia."

Akaenda kwenye migomba iliyokuwa ukingoni mwa njia, akavuta majani makavu, akayaviringa mpaka yakawa ngata, ile pete ambayo wanawake huweka kati ya kichwa na mzigo. Mikono yake ilikuwa myepesi, haikusita. Mwishoni akachomoa uzi mwekundu kwenye pindo la leso yake, akaifunga ngata kwa fundo moja dogo.

"Mama, acha. Kitu hiki ni kizito, na wewe kwa umri wako..."

"Nimeshusha mikungu ya ndizi mlima huu wewe hujaota meno. Shika upande huo."

Tukainua pamoja. Hapa naomba unielewe vizuri, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi. Niliona kwa macho yangu amplifaya ikikaa juu ya kichwa chake. Niliona shingo yake ikinyooka. Akatangulia, nami nikamfuata na gitaa langu mgongoni.

Alinifundisha tukitembea. "Tazama. Shingo iwe ndefu. Macho mbele, miguu uiache, inajua njia. Mzigo ukae juu ya mifupa, bega lipumzike." Nami ninayefundisha watoto wa watu nikawa narudia kila neno kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kila nilipoteleza alisimama kunisubiri. Yeye hakuteleza hata mara moja.

Katikati ya mlima wanawake watatu wachuma chai walitokea kwenye ukungu na vikapu vyao. Mmoja akaweka mkono mdomoni.

"Heee! Wa gitaa! Leo umekuwa mama nani?"

"Mwache abebe," akasema wa pili. "Wangu hata kabichi moja ananiachia mimi."

Walicheka mpaka wakashikana. Nilikasirika kidogo, maana hakuna aliyemwamkia omong'ina, wala kumpa pole na mzigo. Kwetu humpiti mzee hivyo. Yeye alikuwa anatabasamu tu.

"Waache wacheke," akaniambia. "Kicheko hakina kilo."

Tukafika kwenye lango. Niliona mahema uani, nikasikia mwenzangu akijaribu ngoma. Omong'ina akasimama kando kunipisha.

"Ingia, tata. Mimi nitazunguka huku nyuma, nichungulie jikoni."

"Na amplifaya, mama?"

"Si unayo?"

Hapo ndipo uzito uliponishukia. Wote, kwa mara moja, katikati ya utosi. Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko, na mpiga ngoma wetu akapaza sauti: "Jamani, mwalimu amejitwika!" Nikainua mikono, nikagusa mbao. Amplifaya ilikuwa juu ya kichwa changu mwenyewe. Chini yake, ngata. Nikageuka na mzigo wangu polepole, shingo ndefu, kama nilivyofundishwa. Njiani hapakuwa na mtu. Kwenye tope kulikuwa na alama za viatu vyangu vya mpira, basi.

Mwanamke mmoja alikuja mbio kunitua. Ndiye Moraa. Amplifaya iliposhuka, ngata ilianguka, naye akainama kuiokota anipe. Hakunipa. Aliigeuza mkononi, akaliona lile fundo la uzi mwekundu.

"Nani amekufungia hii?"

"Mama mmoja, huko njiani. Ana sweta ya kijani."

Alinivuta kando. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini ili wageni wasisikie, kwamba mama yake alizitia alama ngata zake hivyo. Kwamba hakuweza kumwona mtu amelemewa akampita, na wao watoto walikuwa wakimgombeza: mama, umezeeka, achana na mizigo ya watu.

"Mwisho wake magoti yalimsumbua sana," akasema. "Alikuwa hawezi hata kufika chooni bila kushikwa." Akanitazama. "Alikuwa anatembea vizuri?"

"Mlima wote," nikamwambia. "Hakuteleza hata mara moja."

Moraa aliikumbatia ile ngata kifuani, akaingia nayo jikoni, akafunga mlango. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, lakini alitembea kama mtu aliyelala vizuri baada ya muda mrefu.

Tulipiga. Kwenye wimbo wa tatu kidole cha pete kiliniuma, maumivu membamba ya uzi wa chuma, yale ambayo kila mwanafunzi wangu huyalalamikia wiki ya kwanza. Ilibidi nifumbe macho. Sijawahi kufurahia maumivu namna ile.

Jioni hiyo nilimwambia mke wangu kila kitu. Alinigombeza mpaka usingizi ukamshinda, na kesho yake akanisindikiza kwa daktari. Kidole cha mwisho bado hulala siku za baridi, lakini kingine kimerudi, na siku hizi najitwika. Ogembo wananiita majina ambayo sitayataja hapa. Kama wewe ni mpiga gitaa na mkono umeanza kufa ganzi, nakusihi, usingoje kama mimi. Sema leo. Na uubebe mzigo wako namna ambayo mwili unaweza, hata soko zima likucheke.

Nimeupanda mlima ule mara tatu tangu siku hiyo, amplifaya kichwani, nikitembea taratibu kwa makusudi. Uzito wote uko palepale, haupungui hata kidogo. Huwa nasimama mahali pa migomba, natoa salamu, na ukungu haunijibu. Ndiyo maana nakuonya: siku moja ukiwa njiani, umelemewa, halafu mzigo ukawa mwepesi ghafla, usijisifu kwamba una nguvu. Sema asante hapohapo, kwa sauti, hata kama humwoni mtu. Mimi mama yule alinibebea mlima mzima, nami nikaingia uwanjani bila kumwambia neno hilo.