Ndugu wa Ziwa Kavu

Nauza dagaa soko la Ujiji, na kazi hii imenifundisha kwamba mteja akikubali bei yako ya kwanza, usifurahi. Hesabu noti zake mara mbili, halafu angalia tena ulichompa. Mmoja wenu kakosea, na mara nyingi si yeye.

Ndiyo maana yule mama wa Gungu aliposema "sawa," sikufurahi hata kidogo.

Alikuwa mteja wa mdogo wangu, si wangu. Mdogo wangu ni fundi cherehani, ana chumba cha kushonea huko Gungu, na ana watoto wawili ambao baba yao alivuka kwenda Kongo kutafuta maisha, akayapata, akabaki nayo. Fundi wa nguo anaujua mwili wa mteja kuliko mume wa mteja. Miaka na miaka alikuwa akimpima yule mama kiuno, akiona kinapungua kwa mawazo, kinaongezeka kwa dawa, kinapungua tena. Mwishowe yule mama akamweleza habari yenyewe. Hospitali moja ya Dar es Salaam imemwambia mji wake wa mimba ni mzima, ila mayai yamekwisha. Anahitaji mayai ya mwanamke mwingine, yakutanishwe na mbegu za mumewe hukohuko hospitali, kisha yeye apandikiziwe na kubeba mimba. Akauliza kama mdogo wangu angeweza kumsaidia.

Mdogo wangu hakukubali wala hakukataa. Alinipigia simu.

"Dada, njoo unipatanie," alisema, kama vile anauza kitanda.

Nilipanda bodaboda nikiwa na mpango wangu. Kila muuzaji ana bei ya kumfukuzia mteja. Kitu usichotaka kukiuza, hukatai kukiuza. Kukataa ni kumvunjia mtu heshima. Unataja bei ambayo hata wewe ukijisikia unashtuka, mteja anacheka, anaondoka, na mnabaki marafiki.

Yule mama hakutumia neno bei. Alisema atatoa shukrani. Nikamwambia shukrani haina mapatano, tuzungumze bei, na hapo hapo nikaitaja. Kiasi chenyewe sikiandiki, maana wateja wangu wengine wanajua kusoma. Mdogo wangu aliacha kukanyaga cherehani. Yule mama aliangalia vipande vya vitambaa sakafuni, akasema, "Sawa."

Sasa kwetu sokoni, bei ikitajwa ikakubaliwa, mali imeshaondoka. Ukirudi nyuma unaitwa mtu wa maneno mawili, na jina hilo halitoki kwa sabuni. Nilikwenda kumzuia mdogo wangu asijiuze, kumbe nimemuuza mimi.

Nikaanza kuuliza maswali ambayo mtu mwenye akili huyauliza kabla. Yule mama alijibu yote bila kuficha, jambo lililozidi kunitisha. Ni sindano za tumboni kila siku, karibu wiki mbili. Mayai yakikomaa unalazwa usingizi kidogo, yanatolewa kwa sindano ndefu. Wengine tumbo huwavimba, wachache hulazwa. Kazi hiyo hospitali wanaiita kuvuna. Nikauliza yatavunwa mangapi. Akasema hakuna ajuaye, mwili ndio unaoamua. Labda manane, labda kumi na matano. Nikauliza yatakayobaki yatakwenda wapi. Yanagandishwa, akasema, yanahifadhiwa. Yakiwa ya nani? Hapo akasema ataenda kuuliza.

Nimeuza dagaa kwa kisado, kwa debe, kwa fungu, na siku za shida nimeuza kwa kukadiria tu. Lakini sijapata kuuza kitu ambacho muuzaji hajui idadi, mnunuzi hajui idadi, na mabaki hayana mwenyewe.

Mdogo wangu aliponisindikiza barabarani nilimwambia anaweza kughairi, nitalibeba mimi hilo jina la maneno mawili. Alikasirika.

"Wewe uliitwa kupatana, dada. Mayai ni yangu."

Akaniambia hafichi, fedha anaitaka, kodi ya chumba inamdai na watoto wanasoma. Lakini hata pasipo fedha angeshindwa kuendelea kumzungushia yule mama utepe kiunoni huku anajua. Mayai yenyewe kila mwezi yanapotea bure, alisema. Amnyime kwa sababu gani? Nilikuwa na hofu, na hofu ukiipeleka sokoni hainunui hata chumvi.

Mama yetu ana masikio yanayochagua. Naishi naye, na usiku alikuwa amenisikia kwenye simu nikimtajia mdogo wangu mayai na ile bei, na asubuhi akataka kujua ni kuku wa aina gani hao, nimtafutie wawili. Ikabidi nimweleze. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua mchele, akatoa jiwe, akalitupa.

"Na huyo mtoto akikua," akauliza, "nani atamzuia asioane na mjukuu wangu?"

Kwetu ziwa ni neno la kazi mbili. Kuna ziwa la maji, lile la chini ya mji, na kuna ziwa la mama. La kwanza linatulisha, la pili ndilo linalotawala posa, maana walionyonya kwa mama mmoja ni ndugu, hawaoani. Nyuma ya msikiti kuna mwanamume anauza mkaa. Alipokuwa mchanga mama yake aliugua sana, na mama yangu akamnyonyesha pamoja na mimi. Tangu hapo, msibani, harusini, hata kwenye foleni ya maji, mama hutangaza kwamba huyu ni ziwa moja na wanawe. Nikiwa msichana, kijana yule alikuwa anapendeza kupita inavyolazimu, na Ujiji nzima hakuna aliyechukia lile tangazo kama mimi. Lakini lilifanya kazi yake. Leo ni kaka yangu, na mkaa ananiuzia kwa bei ileile ya watu wote.

Mama alisema maziwa yale yalikuwa ya wiki chache tu, naye ameyatangaza maisha yake yote. Je, mayai ndiyo yafichwe?

Kwa shekhe hatukwenda, tulijua angekataza. Bei unayoijua huiulizi.

Tulipokutana tena na yule mama nilimwambia nina sharti moja zaidi, kwamba jambo hili lisemwe wazi kwa watu. Yeye aliyekubali bei bila kupepesa, sasa ndipo alipoanza kupatana. Alisema mama mkwe wake anatafuta neno la kumshika kila siku.

"Wakijua, mtoto wangu ataitwa wa kununua. Siku atakapovunja kikombe wataniambia nimrudishe dukani."

Akaanzia juu: mtoto ataambiwa akiwa mtu mzima. Nikamjibu posa haingoji kila mtu akomae. Akashuka: atatuambia sisi wawili kabla ya posa yoyote. Nikasema sisi wawili tunaweza kufa. Nilimbana vizuri, kubana najua, mpaka nilipoona ameuzungusha utepe wa kupimia kwenye vidole vyake hadi vimebadilika rangi. Nikajiona namkaba mtu shingo kwa jambo ambalo mimi mwenyewe sijui mwisho wake.

Mdogo wangu ndiye aliyetutoa, akizungumza na pini mdomoni.

"Tuseme nimemnyonyesha."

Tukamgeukia. Akatoa pini. Alisema Kigoma hakuna anayeuliza kwa nini fulani kanyonyesha mtoto wa fulani. Wanauliza nani tu, na hawasahau. Mtoto atajua ana ndugu hapa, atakatazwa kuoana nao, na neno kununua halitakuwa na mlango wa kuingilia. Kuhusu fedha, akataka nauli, siku atakazokosa kushona, na matibabu ikiwa mwili utamgeuka.

"Ile bei ya dada iacheni," akamaliza. "Ilikuwa ya kukufukuza."

Yule mama alicheka, na machozi yakamtoka humohumo. "Nilijua. Nimeshafukuzwa vizuri zaidi ya hapo."

Majirani waliambiwa fundi amekwenda Dar kufuata vitambaa. Nilibaki na watoto wake, nikiuza vibaya. Wateja walinirudishia chenji niliyowazidishia, na hapo ndipo ujue nilivyokuwa. Kila simu ilipolia nilifuta mikono mara mbili kabla ya kupokea. Tumbo lilimvimba, akaniambia baada ya kupona, si kabla. Alirudi akitembea kama aliyebeba ndoo ya maji iliyojaa hadi ukingoni. Yalivunwa kumi na mawili. Ya kwanza waliyotumia hayakushika. Walipojaribu tena, likashika moja.

Ni mtoto wa kike. Yule mama alimleta chumba cha kushonea wakati kuna watu, wanawake wanangoja nguo za Idi. Mdogo wangu akampokea, akafungua kifungo, akamweka kifuani. Ziwa lilikuwa kavu kama kibao cha kukatia nguo. Mtoto alinyonya, akangoja, akanyonya tena, kisha akalia kwa hasira ya mteja aliyepunjwa. Yule mama alikuwa ameinamisha kichwa. Mama yangu, aliyetoka Ujiji kwa ajili ya hilo tu, alikaa kwenye benchi la wateja, akasema kunyonya kunakotambulika ni mara tano za kushiba, kwa hiyo kesho aletwe tena. Alijua hamna tone. Alitaka hesabu itimie.

"Huyu ni ziwa moja na wajukuu zangu," akawatangazia waliokuwepo. Mmoja akasema mashallah. Mwingine akauliza kama gauni lake limekwisha.

Tuliupa uongo kazi ya ukweli, na mpaka sasa unaifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Lakini kazi hiyo ni ya kuwazuia wengine. Yule mtoto mwenyewe haijamjibu chochote. Ana masikio ya mama yangu, yamechongoka kwa juu, na kwa kunyonya masikio hayapatikani. Siku moja atasimama mbele ya kioo cha fundi akijaribu gauni, mama yangu akiwa pale benchini, na ataona.

Kuhusu mayai yaliyobaki, yule mama aliuliza kama alivyoahidi. Jibu ni kwamba yapo, na yanalipiwa kila mwaka. Anasema atalipa. Mpaka lini hasemi, nami siku hizi naogopa kupatana naye.

Nikiulizwa sokoni mdogo wangu ana watoto wangapi, nasema wawili, na mmoja wa ziwa. Kisha najikuta nimeinama nahesabu upya, na yule mteja ananingoja, kwa sababu nimeshasahau nilifika kisado cha ngapi.