Nilimchagulia dada gari la gia ili niendeshe mimi

Kosa ni langu, sitaki kumsukumia mtu. Nilimnyima dada yangu usukani wake mwenyewe. Sikumwibia, sikumtukana, hata uongo sikumwambia. Ndiyo maana linaniuma hivi!

Mimi si msemaji. Shule niliishia ya msingi, na mbele za watu ulimi wangu unakuwa mzito. Kuandika nako ni polepole. Lakini afadhali niandike, kwa sababu kusema nimejaribu, nikashindwa.

Dada ndiye aliyenilea. Anaoka mikate hapa Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, na kuipeleka madukani alfajiri. Goti lake la kushoto halikunjiki tangu alipoanguka na pikipiki. Tulipokimbilia mji wa Pemba, huku huku Msumbiji, wakati wa vita, binamu yetu alimfundisha kuendesha kwa gari lake la otomatiki. Wee! Siku ile alirudi nyumbani anacheka kama msichana. "Kumbe mguu mmoja unatosha!" Akahangaika mpaka akapata carta yake, leseni ya udereva.

Tuliporudi huku, akaweka akiba mpaka ikatosha gari. Tukaenda kwa muuzaji. Alikuwa na mawili yanayotufaa, bei sawasawa: jeupe la otomatiki, na la kijivu la gia za mkono.

"Dona, mama yangu, hili jeupe unaweka D, unakanyaga, unakwenda," muuzaji akasema.

"Naijua hiyo, ndiyo niliyojifunzia," dada akajibu, mkono tayari uko mlangoni. Kisha akanigeukia. "Mdogo wangu, wewe ndiye unayeshinda na magari. Unaonaje?"

Kweli, nilikuwa naosha magari ya watu na kuyasogeza, na gia naziweza. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza naonaje. Papo hapo nikajiona nimekaa kwenye usukani, kiwiko dirishani, na wale vijana wenzangu wanaoniita Bubu sasa wananiita motorista, yaani dereva. Akinunua jeupe, ataendesha mwenyewe. Mimi nitabaki na ndoo yangu.

Basi siku hiyo ulimi ukafunguka!

"Dada, otomatiki betri ikifa, hata msikiti mzima ukitoka kusukuma, haiwaki. Ya gia unaisukuma, inaondoka. Tukikwama njia ya Awasse je? Na fundi wa otomatiki hapa ni nani?"

Kila neno lilikuwa kweli. Ila sikusema kwamba ukiwa na waya za kuunganisha na betri ya gari lingine, shida hiyo imekwisha. Na la goti lake sikuligusa kabisa. Aliligusa yeye: "Na klachi nitaikanyagaje?"

"Utazoea," nikasema.

Utazoea! Goti lisilokunjika!

Dada akauachia mlango wa lile jeupe.

Alijaribu mara moja tu, uani kwetu. Aliuinua mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akauweka juu ya klachi kama mtu anayepanga kuni. Gari likaruka, likazima. Likaruka tena, likazima. Watoto wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini. Dada akateremka, akanipa ufunguo. "Chukua, baba. Mguu wangu ndio umekataa."

Akaulaumu mguu wake, na mimi nimesimama pale pale!

Nikapata nilichotaka, na nimekichoka! Alfajiri mikate, mchana unga. Jioni dada anataka kwenda kumwona mgonjwa, ananitazama kwanza usoni. "Umechoka, mdogo wangu? Basi, tutakwenda kesho." Gari lake, na ananiomba mimi! Na wale vijana hawaniiti motorista. Wananiita Bubu wa Mikate.

Halafu siku moja betri ikafa kweli, mbele ya soko. Watu wakaja, wakasukuma, gari likawaka. Dada akapiga makofi kwa furaha. "Mnaona? Ingekuwa otomatiki tungelala hapa! Huyu mdogo wangu alinionya!"

Nilitamani kuingia chini ya boneti nijifunike!

Bi Mariamo, rafiki yake anayeuza vitambaa vya kapulana, alikuwa anasikiliza. Naye alikuwa anatafuta gari. "Kumbe! Basi ile otomatiki niliyoiona naiacha."

Hapo nikaogopa. Jioni nikamfuata kwake. "Bi Mariamo, nunua otomatiki. Nunua na waya za betri uweke ndani, basi."

"Mbona dada yako anasema vingine?"

"Nilimpotosha. Nilitaka kuendesha mimi."

Akakunja kapulana aliyokuwa ameishika. "Mwanangu, haya kamwambie yeye. Mimi unaniambia ya nini?"

Akainunua ile otomatiki. Sasa kila asubuhi anapita mbele ya nyumba yetu anaendesha mwenyewe. Na dada anamhurumia! "Maskini, siku ikimfia njiani nani atamsukuma?" Akaninunulisha kamba nene, niiweke nyuma ya kiti, ili siku hiyo twende tukamvute. Kamba ipo hadi leo, mpya, haijafunguliwa. Kila nikigeuka kupakia mikate naiona. Naichukia!

Wenzangu, hasa ninyi mnaosifiwa kwamba mnajua magari: mtu akiwauliza anunue lipi, mtazameni yeye, miguu yake, mikono yake, njia anazopita kila siku. Msijitazame ninyi mmekaa kwenye usukani. Na kama mna sababu nzuri za kumwambia, zisemeni zote, pamoja na zile zinazowanyima ninyi usukani. Mimi nilichambua zilizonifaa, na kwa kuwa zilikuwa za kweli, dada anazirudia kwa watu mpaka leo, tena kwa fahari.

Asubuhi hii Bi Mariamo amepita tena, kiwiko dirishani, akapiga honi. Dada akampungia mkono mpaka alipokata kona. Kisha akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akauingiza ndani ya gari, upande wa abiria.

"Kamba ipo?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo nimwambie yote. Nikasema ipo.