Kicheko cha Msibani Mkolani

Mjane alikwenda mwenyewe shuleni Kiseke kumweleza mwalimu mkuu kwamba hakukasirika. Akajibiwa kwamba waliokasirika ni wazazi.

Marehemu alikuwa kaka yangu. Binamu yetu, mwalimu wa shule hiyo, alikuwa mtani wake, na kwetu mtani ana kazi yake msibani: kumwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa. Siku ya mazishi, pale Mkolani, alivaa koti la marehemu, akajilaza mkekani mbele ya waombolezaji.

“Mke wangu, chai iko wapi? Au umeshaolewa?”

“Kachemshe mwenyewe, mvivu wewe!” shemeji akamjibu. “Hata kufa umekufa umelala!”

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afiwe, nasi tukacheka naye.

Mtu alirekodi. Video iliyosambaa inaishia kwenye swali. Jibu la shemeji halimo. Watu wasiotujua wakamwita binamu mnyama, na wazazi wakasema hafai kufundisha watoto wao. Niliandika chini ya video kueleza utani ni nini, nami nikatukanwa.

Muhula mpya umeanza. Darasa lake limepewa mwalimu mwingine, na yeye bado hajaambiwa kama amefukuzwa.