Paa la Darasa la Wadogo

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa ya kamasi na machozi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu hapa hapa Lubumbashi, nimesoma saikolojia ya mtoto katika vitabu, na nilifika kwenye shule yetu ndogo ya chekechea nikiwa na shati jeupe. Ilikuwa Septemba, vumbi jekundu limefunika kila kitu. Kufika saa ya uji, shati lilikuwa na rangi zote za darasa.

Muuza mboga mmoja, Mama Furaha, aliyemleta binti yake wa miaka mitatu, aliniangalia akacheka.

“Eh, huyu njo mwalimu? Papa, unajua hata kupangusa mutoto?”

“Nitajifunza, mama.”

“Ujifunze mbio. Ule wangu hangojake.”

Sijastaafu, nina umri ambao watu hawaandiki kumbukumbu. Lakini mwisho wa mwaka huu wa shule nahamia Sakania, na vijana wanaokuja kushika nafasi yangu wananiuliza kazi hii inafanywaje. Nawajibu kwa kueleza nilivyoipokea mimi.

Asubuhi huanza na mapokezi, yaani kumpokea mtoto mlangoni mmoja mmoja, kwa jina lake, ukiwa umechuchumaa ili macho yenu yawe sawa. Kisha linafuata duara: wote chini kwenye mkeka, kila mmoja aseme alichokiona njiani. Vitabu vyangu viliita hayo kwa majina marefu. Mama Direktrisi, mkuu wa shule, aliyaita “kusalimiana” na “habari”.

Katika wiki zangu za kwanza niligombana na ukuta. Palikuwa na picha iliyotoka ng'ambo, ya watoto waliovaa makoti wakiokota majani ya njano. Hiyo ndiyo ilikuwa mada ya Oktoba: majira ya majani kuanguka. Nikauliza majira hayo yako wapi Katanga, wakati Oktoba ndio mwezi wetu wa joto kuliko yote.

“Mwalimu, unauliza sana,” alisema Mama Direktrisi. “Ni muzuri. Lakini uliza huku unafanya kazi. Toa picha, weka yako.”

Nikaitoa. Nikawapeleka watoto nyuma ya shule, ambako miti michache ya pori imebaki, na majani yake yalikuwa mekundu kama shaba. Niliwaambia yanazeeka, yataanguka. Tukayahesabu, tukayachora. Wiki iliyofuata watoto walinivuta mkono wakanionyesha: yamekuwa makubwa, na ya kijani. Yalikuwa machanga, siyo mazee. Tulicheka sote, nami tangu hapo mada ya Oktoba naiita “majani yanazaliwa”. Tunaokota maua ya jakaranda, tunalima matuta ya mahindi, na mvua ya kwanza ikishapita tunakamata inswa, wale kumbikumbi, tunawakaanga.

Lakini mwaka ule mvua yenyewe ilikuwa tishio. Paa la darasa la wadogo lilikuwa limeoza. Mkaguzi wa elimu alikuja, akatazama juu, akaona mbingu.

“Nitarudi mvua zikianza,” alisema. “Nikikuta maji ndani, darasa hili linafungwa mpaka mwakani. Siwezi kuacha watoto wa miaka mitatu kwenye matope.”

Alikuwa na haki, na hilo liliniudhi zaidi. Jioni, Mama Furaha alibaki mlangoni baada ya wenzake kwenda. Hakutania.

“Mukifunga, Furaha ataenda wapi? Soko haina nafasi ya mutoto. Itabidi Mujinga aache masomo, abakiye naye.”

Mujinga, jina la Kiluba, alikuwa dada wa Furaha, mwenye miaka minane. Alikuwa amesimama pale pale na mkoba wake mgongoni, akitazama viatu vyake.

Shule iliitisha salongo, kazi ya pamoja ya Jumamosi ambayo kila mzazi anajua haikwepeki. Mabati yalipatikana, mengine mapya, mengine ya nyumba zilizovunjwa. Na tulikuwa na fundi seremala miongoni mwa wazazi, Papa Ramazani, ambaye babu yake alitoka Maniema na ukoo mzima hushika nyundo. Nikaona tumepona.

Hapo ndipo nilipojua desturi ya shule. Siku ya salongo Mama Direktrisi huweka beseni katikati ya uwanja, ndani mna jembe dogo, mwiko, ufagio, nyundo, kitambaa. Mtoto hufumbwa macho, huchomoa kitu kimoja kisha hukirudisha, na kazi ya kitu hicho ndiyo kazi ya mzazi wake siku nzima. Mwana wa Papa Ramazani alichomoa mwiko. Furaha alichomoa nyundo.

Nilimfuata Mama Direktrisi kwa hasira. “Mama, mvua iko karibu. Tuna fundi mmoja tu, na unamwacha apike uji?”

“Kila siku batoto banajifunza kitu hawajue,” alijibu. “Siku moja tu, bazazi nao bajifunze, na batoto babaone.”

“Na paa likivuja?”

“Basi litavuja. Kama hautaki, uliza bazazi.”

Niliuliza, kwa sauti. Wazazi waliangaliana. Papa Ramazani akavaa kitenge cha mkewe kiunoni na kupokea mwiko. “Mwalimu, acha. Mikono yangu itapika, mudomo itajenga.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Alisimama kando ya sufuria akipiga kelele kuelekea juu, ambako Mama Furaha na wazazi wengine watatu walikuwa wamepanda.

“Pigilia ku mugongo ya bati, mama! Hapana mu bonde! Maji inapitaka mu bonde!”

“Papa, angalia uji yako!”

“Uji iko muzuri!”

“Iko inanuka moto!”

Uji uliungua kweli, tukaula hivyo hivyo. Bati la kwanza lilipinda, wakalitoa, wakalirudisha. Walijigonga vidole. Watoto walikaa chini ya kivuli cha ukuta wakiwatazama mama zao wakikosea mbele ya kila mtu, na kila bati likishika walipiga makofi. Jioni paa lilikuwa limekamilika, halipendezi, lakini limekamilika.

Siku chache baadaye ulikuja upepo mkali wa kutangulia mvua, ukainua mabati ya upande mmoja. Papa Ramazani alikuwa Kipushi, amepata kazi ya wiki nzima huko. Wingu lilikuwa limeshasimama juu ya mji. Mimi nilianza kuhamisha mikeka. Mama Furaha alifika mbio kutoka sokoni, mboga akiwa amemwachia jirani, akiwa na mama wengine wawili nyuma yake. Hawakuniuliza chochote. Waliweka ngazi, wakapanda, wakapigilia kwenye mgongo wa bati, wakashuka matone ya kwanza yakianguka.

Mkaguzi alirudi katikati ya mvua hiyo ya kwanza ya kweli. Alisimama ndani ya darasa la wadogo, akagusa ukuta, akatazama sakafu. Kelele za mabati zilikuwa kubwa hata akalazimika kupaza sauti: “Muendelee!”

Baadaye nilimuuliza Mama Direktrisi kama alilijua hilo tangu mwanzo, kwamba siku moja fundi hatakuwepo. Alinicheka. Alisema beseni lilianza zamani kwa sababu baba wawili waligombea nani awe msimamizi wa salongo, akachoka kuwasikiliza. Sababu nyingine zilikuja zenyewe. Hadi leo siamini kila desturi ya shule yetu, na bado nauliza. Lakini nawashukuru walioniacha niulize na hawakunisubiri nimalize ndipo wapande ngazi.

Adhuhuri ya siku ile ya mkaguzi, Mujinga alikuja kumchukua mdogo wake, sare yake imelowa. Nikamwambia darasa halifungwi.

Alinitazama kwanza, kuhakikisha. Kisha akamfunga Furaha mgongoni kwa kitenge.

“Basi kesho namuleta mapema, Mwalimu. Tuko na interro, mutihani kidogo ya hesabu.”

Mwaka huu Mujinga anamaliza shule ya msingi.