Komeo la Mawimbi

Askari wenzake ndio waliompa jina la Mawimbi, likamganda mpaka uzeeni. Vitani alikuwa mbeba redio ya upepo. Mgongoni mtambo mzito kuliko bunduki, masikioni vipokea sauti, na mdomoni maneno machache yaliyonyooka. Makamanda walikuja na kuondoka, lakini sauti ya yule binti ilijulikana na kikosi kizima. Alipoletwa kwenye makao ya askari wastaafu, akiwa na miaka themanini na ushee, bado alizungumza vilevile. Kila neno lilisimama peke yake, na mwisho alitia "ova", neno la redioni la kumpisha mwenzako aseme, kisha anakukazia macho mpaka ujibu.

Hakwenda kule kwa kupenda. Baada ya vita alifanya kazi ya opereta wa simu hadi mitambo mipya ilipomfukuza. Wachumba walikuja akawapiga chenga wote. Mdogo wake alipofariki akaacha mtoto wa kike, Mawimbi alimchukua yule mtoto, akamlea, akamsomesha hadi akawa mwalimu. Waliishi wawili, na mambo yalikwenda vizuri mpaka siku sufuria iliposahaulika jikoni na pazia likashika moto. Baadaye akaanguka uani, akalala pale juani tangu asubuhi, mwalimu akiwa darasani, mpaka jirani alipochungulia juu ya ukuta.

"Mama mkubwa, siwezi tena," mwalimu alimwambia. "Nikiwa nafundisha nakuona umelala chini. Kila siku nakuona umelala chini."

"Nitakwenda," Mawimbi alijibu. "Lakini sikatiwi nyama, sivishwi, siogeshwi. Wakikubali hayo, nimekubali. Ova."

Walikubali. Makao yenyewe yalikuwa jengo refu la ghorofa moja, korido ikinuka dawa ya kudekia, vitanda vya chuma, na televisheni moja ambayo wazee waliigombea kuliko walivyowahi kugombea mpaka wa nchi. Wote walikuwa wanaume. Kwa kuwa yeye alikuwa mwanamke peke yake, walimpa kibafu kidogo mwisho wa korido, kilichokuwa stoo ya mifagio. Hakikuwa na dirisha la maana. Ila mlango wake ulikuwa wa mbao ngumu, na kwa ndani ulikuwa na komeo la chuma.

Kila asubuhi Mawimbi alipita koridoni na dodoki lake begani, mhudumu nyuma yake akibeba ndoo ya maji ya moto. Akishaingia, mlio wa komeo ulisikika hadi chumba cha televisheni. Alikaa humo muda mrefu. Akitoka, ngozi inang'aa kwa mafuta, kitambaa kimefungwa sawasawa kichwani, na siku hiyo alikuwa mtu mwenye maneno na utani.

Kisha akafa Dereva wa Vifaru. Huyu alikuwa mzee mnene, mcheshi, aliyelala chumba cha katikati. Alijifungia chooni, moyo ukamshika, akawa anagonga ukuta. Walipofanikiwa kuvunja mlango kwa chuma cha kitanda, alikuwa keshakwenda. Wanawe walikuja wakapiga kelele uani mbele ya kila mtu. Agizo likatoka juu: makomeo yote yang'olewe, vyoo na mabafu, bila kubagua.

Fundi seremala alifanya kazi hiyo wakati wazee wakila mchana. Kesho yake Mawimbi aliingia bafuni, akapeleka mkono pale ulipozoea kwenda, akakuta matundu ya skrubu. Mhudumu aliyekuwa zamu alimwona akitoka vilevile alivyoingia, kavu, ndoo ikiachwa inafuka mvuke.

Tangu siku hiyo hakuoga.

Mwanzoni watu walidhani ni hasira za kupita. Zikapita siku, likapita juma, likaja lingine. Wazee wakaanza kuhama meza aliyokaa. Mmoja akatania kwamba Mawimbi sasa anasikika bila redio, wengine wakacheka, yeye akaendelea kunywa uji.

Matroni, msimamizi wa makao, alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, lazima tuseme. Ndiye aliyekipakata kichwa cha Dereva wa Vifaru sakafuni siku ile.

"Mama, nimekishika kichwa cha yule mzee kikiwa bado kina joto. Sitaki kushika na chako."

"Kichwa ni changu."

"Na jukumu ni langu. Ukianguka mle ndani, nitamwambia nini mwanao?"

"Mwambie nilianguka nikiwa nimefunga mlango."

Hawakuelewana. Mwisho Matroni akaamuru aogeshwe. Kazi hiyo walipewa wahudumu wawili, mmojawapo mwanamke wa makamo, mama wa watoto wakubwa, aliyekuwa na miezi michache tu kazini. Mawimbi alikuwa akimwita Kuruta kwa sababu ya ugeni wake. Walipomshika nguo, yule bibi kikongwe aligeuka mtu mwingine. Hakupiga kelele hata kidogo. Alipigana kimya, kwa viwiko na magoti, na ndoo ilipomfikia mkononi aliirusha ikampata Kuruta mdomoni, jino likameguka.

Ndipo akachomwa sindano ya usingizi. Wakamwosha akiwa amelegea kama maiti, wakamvisha, wakamrudisha kitandani. Alipozinduka alinusa mkono wake, akasikia harufu ya sabuni asiyoijua. Aligeukia ukutani. Kuruta, aliyekuwa amekaa pembeni na pamba mdomoni, aliyaona mabega yake yakitikisika. Siku kadhaa zilizofuata hakusema neno, hata "ova".

Mwalimu akaitwa. Alikaa na mama yake mkubwa mchana kutwa, asipate jibu. Jioni akaingia ofisini kwa Matroni, Kuruta naye akiwa humo akibadilishiwa dawa ya mdomo.

"Nitakachosema hapendi kisemwe," mwalimu alianza. "Aliniambia mara moja tu, siku nilipoanza kazi, na akaniapisha. Aliwahi kutekwa vitani. Walimweka kwenye chumba walichokiondoa mlango. Kusudi. Walinzi walikaa kwenye viti wanamtazama. Akilala, wapo. Akienda haja, wapo. Akijimwagia maji, wapo, na wanaita wenzao. Ilikuwa hivyo mvua zote na kiangazi chote. Alipoachiwa akarudi, watu walimchangia anunue nguo. Hakununua nguo. Alinunua komeo."

Matroni aliinamisha kichwa. Baadaye akauliza, "Mbona hakuniambia mwenyewe?"

"Wewe ungemwambia nani?"

Kuruta ndiye aliyemwendea fundi. Wakakubaliana atengeneze komeo la kufungwa kwa ndani lakini lenye mwanya mdogo upande wa nje, mtu akiingiza mpini wa kijiko na kuuzungusha, linafunguka. Matroni alisitasita sana. Agizo lilikuwa wazi, na kibarua chake kilikuwa hatarini. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba lazima mtu akae nje ya mlango muda wote.

Kuruta akaenda kwa Mawimbi na kijiko mkononi.

"Bibi, komeo limerudi. Lakini sikufichi, linafunguka kwa nje."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sindano yule bibi kufungua mdomo. "Kwa nini umeniambia?"

"Ungeligundua mwenyewe. Halafu ungeniona mimi ni walewale."

Mawimbi akamtazama mdomo uliokuwa bado umevimba. "Kijiko atashika nani?"

"Mimi. Siku nisipokuwepo, huogi."

"Na utafungua lini?"

"Ukiniita. Au nikikuita usiitike."

"Redioni kituo kinaitwa mara tatu," Mawimbi alisema polepole. "Mara tatu. Kabla ya hapo mtu hajapotea, ana shughuli zake. Umenipata?"

"Nimekupata, Bibi."

"Sema ova."

"Ova."

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda hivyo. Kuruta aliketi kwenye kigoda koridoni, mara anachambua mboga, mara anashona kifungo, na kila baada ya muda anaita, "Mawimbi, Mawimbi, unanipata?" Kutoka ndani sauti inarudi: "Nakupata vizuri. Maji yanapoa kwa maneno yako. Ova." Wazee wa chumba cha televisheni wakawa wanasubiri mazungumzo hayo kuliko taarifa ya habari. Mawimbi akanenepa kidogo. Alimwomba Kuruta radhi kwa ajili ya jino, kwa njia yake: alimpa mkufu wake, na Kuruta alipokataa akamwambia askari hakatai amri.

Mara moja tu walikorofishana. Kuruta aliita mara mbili, kimya kikamtisha, akafungua. Mawimbi alikuwa amekaa kwenye stuli, povu limejaa masikioni, mzima wa afya. Alijifunika kwa mikono miwili kama msichana. Alimnunia juma zima, na siku alipomsamehe alisema, "Tulikubaliana tatu. Neno lako likiwa mbili, mimi sina mlango."

Kuruta aliyaweka maneno hayo moyoni, na hapo ndipo palipoharibika.

Asubuhi moja ya mawingu aliita. Hakuna jibu. Akasimama, kijiko tayari mkononi, akaita tena. Akasikia sauti ndani, kama mtu anayeguna, "mmh". Akajiambia, kaitika, anasuuza mdomo. Akakumbuka juma lile la kununiwa. Akangoja. Maji yalikuwa yakidondoka, tone moja moja. Alipoita mara ya tatu, sauti yake mwenyewe ilimshtua jinsi ilivyokuwa kubwa. Akafungua.

Mawimbi alikuwa ameegemea ukutani nusu ameanguka, mdomo umeenda upande, jicho moja limefunguka linamtazama.

Kilikuwa kiharusi. Kuruta alimuuliza daktari, mbele ya watu wote, kama ule muda aliongoja ndio uliompoozesha upande mmoja wa mwili. Daktari alijibu kwamba pengine ndiyo, pengine hapana. Mtu hawezi kulala na jibu la namna hiyo, na Kuruta hakulala.

Matroni aling'oa komeo kwa mkono wake mwenyewe. Wakubwa walikuja, wakauliza maswali, Matroni akapewa onyo kali na Kuruta akahamishiwa jikoni. Mwalimu alipofika kila mtu alijiandaa kwa kelele, kama zile za wana wa Dereva wa Vifaru. Hakupiga kelele. Alimfuata Kuruta kwenye rundo la viazi.

"Mimi mwenyewe niliwaambia siri yake ili mumrudishie komeo," alisema. "Kwa hiyo sijui kama ninakulaumu. Nikijua nitakuambia."

"Sawa, mwalimu. Utaniambia."

Mawimbi aliishi wiki chache zaidi. Hakuweza kusema wala kugeuka. Aliogeshwa kitandani na yeyote aliyekuwa zamu, mlango wazi kwa sababu ya ndoo na mashuka yanayoingia na kutoka, na wazee wakipita koridoni. Walijitahidi kutotazama. Jicho lake zima lilikuwa likifuata kila anayeingia, na wahudumu wengine walisema hawalipendi jicho lile. Kuruta, akimaliza vyombo, alikuwa akija na shuka, anasimama mlangoni amelinyoosha kwa mikono yote miwili, amempa mgonjwa mgongo, mpaka wenzake wamalize. Hakuna aliyempangia kazi hiyo wala aliyemkataza. Kama Mawimbi alijua ni nani aliyesimama pale, hakuwa na namna ya kumwambia.

Alifariki mchana, wakati wa chakula, mvua ikipiga mabati kwa nguvu kiasi kwamba habari ilipofika jikoni ilibidi irudiwe. Kuruta aliosha mikono, akaikausha, akaenda kuomba ruhusa ya kumwosha. Mwalimu ndiye aliyepaswa kujibu. Alifikiri kidogo akasema, "Tumwoshe wote wawili, na asiingie mwingine." Wakafanya hivyo. Mmoja alimwaga maji, mwenzake akaosha.

Mazishini walikuja wazee waliokuwa bado wanaweza kusimama, na wawili wasioweza, juu ya viti vyao vya magurudumu. Walipiga saluti, mikono mingine ikifika kipajini, mingine ikiishia shingoni.

Mwalimu alirudi makaoni baadaye kuchukua vitu vya mama yake mkubwa. Vilienea kwenye sanduku moja. Alimkuta Kuruta akitoka zamu, mkufu ukiwa shingoni.

"Bado sijajua," mwalimu alisema.

"Na mimi bado," alijibu Kuruta.

Akashika upande mmoja wa sanduku, mwalimu akashika mwingine, wakalibeba hadi getini.