Wiki Tatu za Kuamia Ndege

Silvano ametengeneza pawatila, zile trekta ndogo za kuongozwa kwa mkono, pale Kibaoni, Ifakara, kwa miaka ishirini na sita, na darasa la tano hakuliona. Ukitaka akununie mpaka Krismasi, mwambie kazi yake siku hizi inasomewa chuoni. "Chuoni wanafundishwa jina la spana," alikuwa akisema. "Kwangu wanafundishwa spana." Vijana waliopita mikononi mwake wametapakaa bonde zima, toka Mang'ula mpaka Mlimba, na hakuna hata mmoja mwenye karatasi. Wana makovu tu.

Mwaka jana chuo kikamwandikia barua. Wanafunzi wa ufundi mitambo walitakiwa kukaa wiki nane kwa fundi wa mtaani, wafanye kazi kweli. Kila wiki mwanafunzi aandike kwenye kitabu chake alichofanya, na fundi atie sahihi. Silvano alimpa barua muuza vocha wa jirani amsomee mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa ili mtaa usikie. Halafu akakuna kidevu, eti anafikiria. Jamani! Alikuwa ameshakubali tangu waliposoma "Ndugu Fundi".

Alitegemea ataletewa jamaa lenye shingo nene. Akaletewa Marsiana, binti wa miaka ishirini, anayeishi Mlabani kwa shangazi yake Yosefina.

"Wewe ndiye mwanafunzi, au umemletea kaka yako chakula?"

"Shikamoo fundi. Ni mimi."

"Marahaba. Haya, injini ile pale imegoma tangu juzi. Ifungue. Na usinipotezee skrubu."

Marsiana alitandika gunia chini, akafungua, na kila kilichotoka akakipanga kwa mstari, kama mtu anayeandaa meza ya harusi. Jioni injini ikanguruma. Silvano hakumsifu, maana mafundi wa aina yake kusifu kunawauma kama jino. Ila nyumbani alimwambia mkewe, Emerensiana, "Yule mtoto ana mikono." Kwa miaka ishirini na sita neno hilo alikuwa amelisema mara mbili tu, na mara moja alijisemea mwenyewe.

Wiki ya nne Marsiana akamweleza jambo lake. Mwenye mashine mpya ya kukoboa mpunga pale Mlabani alikuwa anatafuta fundi wa kukaa na mitambo. Alishamwona Marsiana akifanya kazi, akaipenda kazi yake. Nafasi angemshikia mpaka mwisho wa Juni, mradi alete cheti.

"Na cheti hakitoki bila hizi wiki nane, fundi."

"Wiki nane ni nini? Kwangu utatoka fundi kamili."

Sasa hapo lazima ujue mila za mafundi wa zamani. Kufagia karakana anafagia yeyote. Lakini shambani kwa fundi hatumwi mtu ovyo, anatumwa anayeaminiwa, yule anayetayarishwa kurithi kazi. Silvano mwenyewe aliamia ndege misimu miwili kwenye mpunga wa marehemu fundi Eustaki, na aliporudi ndipo akafunguliwa siri za pampu ya dizeli. Mpaka leo akisimulia, kifua kinatoka mbele.

Basi, mwezi wa tano kwelea kwelea wakashuka Michenga, lilipo shamba la Silvano, kama wamealikwa. Mpunga wake ulikuwa umeanza kujaa, na Emerensiana alikuwa Mahenge kumtunza binti yao aliyejifungua. Silvano akamwita Marsiana pembeni, sauti ameishusha kama anayetoa posa.

"Mwanangu, nataka ukakae shambani kwangu. Uniamie wale ndege."

Marsiana akauliza, "Na kitabu, fundi?"

"Kitabu anasaini nani?"

"Wewe."

"Sasa?"

Akaenda. Angefanyaje? Wiki tatu alikaa juu ya dungu toka alfajiri, anagonga madebe, anarusha matope kwa kombeo, anapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ijumaa anamletea Silvano kitabu, na Silvano anasaini bila kusoma. Kusoma kwake ni kwa taabu, na mbele ya mwanafunzi wa chuo asingekubali kuonekana anafuata mistari kwa kidole.

Wiki ya saba, saa nne asubuhi, mwalimu Lukelo wa chuo akatokea na pikipiki.

"Shikamoo mzee Silvano. Nimekuja kumwona mwanafunzi wangu."

Hapo ndipo ulimi ulipokimbia mbele ya kichwa. "Marahaba, mwalimu. Nimemtuma spea, Mlabani. Anarudi sasa hivi."

"Nitamsubiri." Na mwalimu akakaa juu ya tairi.

Silvano akazunguka nyuma ya karakana na simu. "Njoo mbio! Chukua bodaboda!" Saa sita kasoro Marsiana akashuka, matope mpaka magotini, kombeo shingoni.

Mwalimu akamtazama toka chini mpaka juu. "Mzee, hizo spea za Mlabani zinachimbwa?"

Akaomba kitabu, akasoma kwa sauti. "Wiki ya tano, kuamia ndege. Wiki ya sita, kuamia ndege. Sahihi ya fundi." Marsiana alikuwa ameandika ukweli mtupu. Hakuna aliyemfundisha kuandika kitu kingine.

"Mwalimu, kosa ni langu," Silvano akasema. "Mkono wake hata mimi sina. Mpe injini hapa umpime."

"Mkono siubishii, mzee. Ungeniambia hivyo saa nne, ningemhesabia wiki nne, tatu akazilipie kwingine. Lakini umenidanganya uso kwa uso, na kitabu kizima kina sahihi yako. Hizo nne nazo naziamini vipi?"

Zikafutwa zote. Marsiana akaambiwa aanze upya na kundi la mwaka unaofuata, kwa fundi mwingine. Juni ikaisha, na nafasi ya mashine akapewa mwenzake wa darasani ambaye, kwa maneno ya Silvano, nati na pete hajui ipi inavaliwa.

Silvano alikwenda kwa Yosefina kuomba radhi, na jogoo mkononi. Yosefina hakumkaribisha hata kibarazani. "Mrudishe jogoo wako, fundi. Akuamie ndege."

Marsiana alikuwa uani anafua. Akanyanyuka, akafuta mikono. "Shikamoo fundi." Silvano anasema angetukanwa angelala usingizi. Ile shikamoo ndiyo iliyomkata.

"Mwanangu, njoo kwangu. Tufanye kazi pamoja, karakana ni yako. Cheti cha nini? Mimi nimekuwa fundi bila cheti."

"Nashukuru, fundi. Lakini nikiwa na cheti naenda popote. Nisipokuwa nacho, nitakuja kwako tu."

Aliyasema kwa upole, hata kidole hakunyoosha. Silvano akaaga, akatembea mpaka Kibaoni kwa miguu na jogoo wake kwapani, na watu wakimuuliza njiani anamuuza kiasi gani, anasema hauzwi.

Mpunga mwaka ule alivuna vizuri sana, ndege hawakugusa hata suke. Bado magunia mawili yamekaa ndani. Emerensiana akitaka kuyafungua akakoboe apike, anamwambia aache kwanza, wanunue mchele wa dukani.